Utatoa damu mara ngapi? Jinsi ya kuchagua chuo cha ufundi sanifu wa tiba ya wanyama

Kijana akija kliniki na barua ya kuomba kazi, swali langu la kwanza ni hili: umetoa damu kwenye mshipa wa mnyama mara ngapi kwa mkono wako mwenyewe? Wapo wanaojibu papo hapo: "Mbuzi kama 30, ng'ombe 12, mbwa sikumbuki." Wengine hunitazama kidogo, kisha husema walionyeshwa. Vyeti vyao unaweza kukuta vinafanana hadi rangi ya muhuri. Tofauti ilianza miaka miwili au mitatu nyuma, siku kila mmoja alipochagua mahali pa kusoma.

Nayasema haya nikiwa nimechagua vibaya mwenyewe. Kozi yangu ya kwanza ilikuwa ya miezi 9, na tangazo lake liliahidi "cheti cha kimataifa". Nilimaliza, nikapewa karatasi nene yenye nembo ya dhahabu, nikaipeleka kwenye ofisi ya usajili. Karani aliisoma mbele, akaigeuza nyuma kama anayetafuta kitu kilichodondoka, kisha akaniambia kwa upole kwamba jina la chuo halimo kwenye orodha yao. Nilianza upya na wenzangu waliokuwa wadogo kwangu kwa miaka 4. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzii kwenye vyuo.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Kazi hii kila mahali ina jina lake. Wengine husema fundi sanifu wa tiba ya wanyama, wengine mtaalamu msaidizi wa afya ya mifugo, na Uingereza humwita muuguzi wa wanyama. Marekani hata herufi zinazofuata jina hubadilika kutoka jimbo hadi jimbo: CVT, LVT, RVT. Shughuli yenyewe ni kumshika mnyama, kuchukua sampuli, kuzipima, kuweka kanula (mrija mdogo wa mshipani), kusimamia usingizi wakati daktari anapasua, kupiga eksirei, kutoa dawa zilizoandikwa, kuuguza na kuandika kumbukumbu. Kutambua ugonjwa, kuandika dawa na kupasua ni kazi za daktari katika nchi nyingi. Kwingine fundi huruhusiwa kutibu kiasi fulani akiwa chini ya usimamizi wa daktari. Mpaka huo ujue mapema, maana chuo kinachokuahidi kwamba "utakuwa daktari kamili kwa muda mfupi" kimekudanganya kabla hujalipa hata ada ya fomu.

Anza kwenye ofisi ya usajili

Nenda, piga simu au fungua tovuti ya chombo kinachosajili watu wa fani hii mahali unapotaka kufanya kazi. Kenya kuna Bodi ya Veterinari, inayofanya kazi chini ya sheria ya 2011. Tanzania kuna Baraza la Veterinari, chini ya sheria ya 2003. Uingereza wauguzi wa wanyama husajiliwa na chuo cha kifalme cha madaktari wa mifugo, RCVS. Marekani, AVMA, ambacho ni chama cha madaktari wa mifugo, kina kamati ya kukagua programu za mafunzo, na majimbo mengi humtaka mhitimu apite mtihani uitwao VTNE: maswali 170 kwa saa 3, ingawa yanayohesabiwa ni 150 tu, na 20 yaliyobaki ni ya majaribio yaliyochanganywa humo usiyatambue.

Omba orodha ya kozi wanazozitambua. Sikiliza vizuri: kozi, si vyuo. Hapa ndipo watu wengi hujikwaa. Chuo kinaweza kuwa na ithibati halali ya wizara ya elimu, kina jengo, kina mahafali kila mwaka, lakini kozi yake ya wanyama haijawahi kukaguliwa na chombo cha usajili. Hizo ni ruhusa mbili tofauti, na unazihitaji zote mbili. Tena, kozi inaweza kuwa imetambuliwa kwa ngazi ya cheti na si ya stashahada, au kwa tawi la mjini na si tawi jipya unalopelekwa wewe. Uliza kila kimoja kwa jina lake, na uliza ithibati inaisha lini. Ukiambiwa "tumeshaomba, tunasubiri majibu", jua kwamba hatari ya majibu hayo umebebeshwa wewe. Usichanganye hilo na ithibati ya awali. AVMA, kwa mfano, hutoa ithibati ya awali kwa programu changa, na wahitimu wake huhesabiwa kuwa wametoka programu yenye ithibati. Kuomba na kupewa ni vitu viwili.

Palipo na mtihani wa taifa au wa bodi, dai matokeo. Programu zenye ithibati ya AVMA zinatakiwa kuweka wazi asilimia ya wahitimu wao waliofaulu VTNE katika miaka 3 iliyopita. Chuo chochote kingine unaweza kukiuliza swali hilohilo, hata kama hakuna anayekilazimisha kujibu. Jibu likija, angalia pia idadi ya waliofanya mtihani. Asilimia 100 ya watu 3 ni watu 3.

Ukiwa na ndoto ya kufanya kazi nchi nyingine, uliza chombo cha kule kabla ya kuanza masomo. Cheti hakivuki mpaka chenyewe. Mwenzangu mmoja alitakiwa kurudia masomo mawili na mtihani mzima, na alikuwa na uzoefu kuliko aliyemsahihisha.

Mnyama gani, na saa ngapi za vitendo?

Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, ambalo makao yake yapo Paris tangu 1924, lilitoa mwaka 2018 mwongozo wa ujuzi ambao wataalamu wasaidizi wanatakiwa kuwa nao, na mwaka uliofuata likatoa mwongozo wa mitaala. Limegawa kazi zao katika njia 3: afya ya wanyama, maabara, na afya ya jamii, yaani mambo kama ukaguzi wa nyama. Kwa mtu anayechagua, mgawanyo huo unafaa kuliko vipeperushi vyote, kwa sababu chuo kizuri cha njia moja kinaweza kuwa dhaifu katika nyingine.

Kaa chini ujiulize unajiona wapi. Kama ni zizini, kati ya ng'ombe na mbuzi, unahitaji chuo chenye shamba, kizimba cha kubania ng'ombe, na wakufunzi wasioogopa kuchafuka. Kama ni kliniki ya mbwa na paka, unahitaji chumba cha upasuaji kinachofanya kazi kweli, mashine ya usingizi, eksirei, na wagonjwa wanaoingia kila siku. Kama ni maabara, hesabu darubini. Usikubali jibu la "tunafundisha vyote". Vyote hufundishwa, lakini ratiba ndiyo inayosema ukweli. Omba ratiba ya muhula mmoja, chukua kalamu, jumlisha saa za vitendo kwa kila aina ya mnyama. Nilifanya hivyo kwa binti wa dada yangu, tukakuta chuo kilichojitangaza kwa picha za farasi kina saa 2 za farasi katika miaka 2.

Na kama hujawahi kukaa na mnyama mgonjwa, usilipe bado. Omba kujitolea wiki mbili kwenye kliniki au shamba lolote litakalokukubali. Utafagia, utaosha vizimba, utanuka. Utamshika mbwa mzee anayelazwa mara ya mwisho huku mwenye mbwa analia begani kwako. Wapo wanaotoka hapo wakiwa wamekata shauri la kuendelea, na wapo wanaoondoka siku ya tatu bila kuaga. Wote wameokoa fedha.

Hesabu mikono

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo penye tofauti kubwa kati ya chuo na chuo.

Siku ya kutembelea chuo, usiende siku waliyotangaza ya kukaribisha wageni. Siku hiyo hata mbuzi wamepigwa brashi. Omba kuja siku ya kawaida ya vitendo. Wakikataa bila sababu, umeshapata jibu la kwanza.

Ukifika, hesabu wanafunzi na hesabu wanyama. Wanafunzi 24, mbuzi 1, kipindi cha saa 2: kila mmoja ana dakika 5, na hapo hatujatoa muda wa mkufunzi kueleza wala wa mbuzi kupumzika. Na mbuzi huyo haruhusiwi kuchomwa mara 24, kwa hiyo tayari unajua kwamba wengi wamesimama nyuma wakipiga picha kwa simu. Wanafunzi 6 kwa mnyama mmoja, na wanyama wanabadilishwa, hapo pana mafunzo.

Kutoa damu kunaonekana jambo dogo hadi ukabidhiwe bomba la sindano. Unabana bonde la shingo kwa kidole gumba, unasubiri mshipa ujae, unaugusa kwa kidole kingine uone unavyorudi kama mpira, unaingiza sindano kwa pembe ndogo, unavuta taratibu ili mshipa usijikunje, unaachia kidole kabla ya kutoa sindano, unabana mahali hapo. Halafu tyubu yenye dawa ya kuzuia damu isigande unaigeuza polepole mara kadhaa, huitikisi. Ukiitikisa unapasua chembe, na maabara itakurudishia. Hakuna mtu aliyejifunza mnyororo huo kwa kutazama. Mimi niliushika mara ya 9 hivi, na mara 8 za mwanzo ninazikumbuka vizuri kuliko ninavyotaka.

Chuo kizuri huanza na sanamu za mpira au mikono bandia ili makosa ya mwanzo yasimuumize mnyama, kisha kinahamia kwa wanyama hai chini ya jicho la mkufunzi. Chuo kinachoishia kwenye sanamu kimekupa nusu ya ujuzi. Na kile kinachokurusha moja kwa moja kwa mnyama hai bila maandalizi, nacho kikimbie. Tazama wanyama wa mafunzo wenyewe: wamenenepa au mbavu zinahesabika? Kuna daftari linaloonyesha nani alitolewa damu lini na anapumzika hadi lini? Mbuzi anayeanza kurudi nyuma akiona tu koti jeupe amekuambia jambo ambalo mkuu wa chuo hatakuambia.

Ingia maabara. Omba kutazama kupitia darubini moja, yoyote. Angalia lenzi ile ndefu ya mafuta, ya kukuza mara 100. Kama imegandamana mafuta makavu, hakuna aliyeangalia damu hapo kwa muda mrefu, au wanaangalia na hakuna anayewafundisha kusafisha. Uliza jinsi wanavyopima mayai ya minyoo kwenye kinyesi. Njia ya kuelea ni rahisi: kinyesi kinachanganywa na maji mazito ya chumvi au sukari, mayai yanapanda juu kwa sababu ni mepesi kuliko hayo maji, unayanasa kwa kioo chembamba baada ya dakika 10 hadi 15. Lakini maji hayo lazima yawe na uzito wa takribani mara 1.2 ya maji ya kawaida, na kuna kifaa cha kioo cha kupimia, kinachoelea kama chelezo. Nikiingia maabara ya chuo natafuta kifaa hicho kwenye rafu. Kisipokuwapo wanakisia, na mwanafunzi anayefundishwa kukisia atakisia maisha yake yote.

Kisha usingizi, yaani nusukaputi. Omba kuona fomu za kufuatilia mnyama aliyepewa nusukaputi. Zinapaswa kuwa na mapigo ya moyo, pumzi, joto, rangi ya ufizi, muda wa damu kurudi ufizini baada ya kubonyeza kwa kidole (kwa mbwa mwenye afya isizidi sekunde 2), vyote vikiandikwa kila dakika 5, na jina la mwanafunzi aliyeandika. Fomu zenye mwandiko mmoja wa mkufunzi kutoka mwanzo hadi mwisho zinakuambia wanafunzi walikuwa watazamaji. Uliza pia kila mwanafunzi husimamia usingizi wa upasuaji mara ngapi kabla ya kuhitimu. Mkufunzi anayejua kazi yake ana namba kichwani. Asiyejua atakueleza kuhusu falsafa ya chuo.

Hesabu nazo usizisahau. Hesabu za dawa, maana yake. Watu wanaopenda wanyama mara nyingi walikimbia hesabu shuleni, na fani hii inawakamatia hapo. Mbwa wa kilo 25, dawa ya miligramu 10 kwa kila kilo, chupa ina miligramu 50 kwa kila mililita: unampa mililita 5. Ukikosea nukta umempa 50 au nusu, na yote mawili yanaweza kumuua, moja haraka na lingine polepole. Dripu: mililita 500 ziingie kwa saa 4, mpira wake unatoa matone 20 kwa mililita, ni matone 42 hivi kwa dakika, yaani 7 kwa kila sekunde 10, ambayo unaweza kuhesabu kwa saa ya mkononi ukiwa umechuchumaa zizini. Uliza chuo wanafanya mtihani wa hesabu za dawa mara ngapi na alama ya kupita ni ngapi. Pale niliposoma mara ya pili alama ya kupita ilikuwa 100, na ukikosa unarudia hadi upate. Wakati ule niliona ni ukatili. Sasa nawapa wanaokuja kwangu masharti hayohayo.

Wakufunzi, na zile wiki za nje

Tafuta kujua nani anafundisha. Si lazima wote wawe madaktari. Kwa kweli ningeogopa chuo ambacho hakina hata mkufunzi mmoja aliyewahi kufanya kazi ya fundi mwenyewe, maana daktari aliyezoea kukabidhiwa mnyama aliyekwisha kushikwa hatakufundisha kumshika. Uliza mkufunzi wa vitendo mara ya mwisho alifanya kazi kliniki au shambani lini.

Mafunzo kazini ndiyo sehemu ninayoiona nikiwa upande wa pili, kwa sababu ninasaini madaftari ya wanafunzi wanaoletwa kwetu. Vyuo hutofautiana sana hapa. Kimoja hutuma barua yenye orodha ya ujuzi ambao mwanafunzi ameshafundishwa na ule anaotakiwa kuupata kwetu, mkufunzi anakuja mara mbili, anamtazama akifanya kazi, anatuuliza maswali magumu. Kingine humwacha mwanafunzi ajitafutie nafasi mwenyewe, hakuna anayepiga simu, na wiki ya mwisho analetewa mtu kama mimi daftari lililojazwa usiku mmoja, wino mmoja, mwandiko ukizidi kulala kadiri usiku unavyokwenda. Sisaini. Nimechukiwa kwa hilo na nimezoea.

Kwa hiyo uliza: ni wiki ngapi, nani anatafuta nafasi, nani anakuja kukagua, na kuna makubaliano ya maandishi na kliniki hizo au ni kufahamiana tu? Pata majina ya sehemu mbili wanazopeleka wanafunzi, uende ukaulize wanavyowaona wakifika. Sisi tunaowapokea hatuna sababu ya kukipamba chuo.

Kusoma kwa mbali

Kunawezekana, na sikudharau. Zipo programu za masafa zenye ithibati kamili, ambazo mwanafunzi husoma nadharia kwa intaneti na kufanya vitendo kwenye kliniki iliyokubaliwa, mara nyingi akirekodi video ya kila zoezi ili msahihishaji aone mikono yake. Kwa mtu mwenye watoto, au ambaye tayari ameajiriwa kliniki kama mhudumu, huenda ndiyo njia pekee.

Lakini sharti lake ni moja na halina mjadala: kabla ya kujiandikisha, uwe na kliniki iliyokubali kwa maandishi kukusimamia, yenye vifaa vinavyotakiwa na programu hiyo na msimamizi mwenye sifa wanazozitaka. Nimewaona waliomaliza nadharia yote kwa alama nzuri, wakakwama mwaka mzima kwa kukosa mashine ya eksirei ya kufanyia mazoezi 6. Programu ya masafa isiyodai vitendo kabisa haikufundishi ufundi huu.

Yasiyoandikwa kwenye kipeperushi

Ada huandikwa kwa herufi kubwa. Ovaroli, gambuti, kipimajoto, stetoskopu, nauli za mafunzo kazini, chakula cha wiki hizo, ada ya mtihani wa bodi na ada ya usajili huwa zinakuja moja moja kama matone ya bomba bovu. Omba orodha yote kwa maandishi kabla ya kulipa chochote. Uliza pia utaratibu wa kurudishiwa fedha ukiacha muhula wa kwanza.

Lipo moja ambalo silihesabu kama gharama, ni kinga: chanjo ya kichaa cha mbwa. Mtu atakayeshika mbwa na paka wasiojulikana anatakiwa achanjwe kabla ya kuanza. Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mwenye afya dozi 2, siku ya kwanza na siku 7 baadaye. Uliza chuo kinachanja wanafunzi, kinawataka wachanje wenyewe, au hakijawahi kufikiria. Jibu la tatu nimelisikia kwa masikio yangu. Uking'atwa, hata kama umechanjwa, unaosha jeraha kwa maji na sabuni dakika 15 na kwenda hospitali. Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza anapaswa kulijua hilo bila kufikiri, kwa hiyo muulize mmoja utakayemkuta uani.

Angalia na mengine ya usalama: vifaa vya kupima mionzi vya kuvaa kifuani kwa wanaoingia chumba cha eksirei, aproni na glavu za madini ya risasi zisizopasuka, boksi gumu la kutupia sindano, glavu ndefu za kuzalishia. Ng'ombe aliyetupa mimba anaweza kuwa na bruselosi, ugonjwa unaompata mtu kwa kugusa kondo na majimaji yake, ukamsumbua kwa homa na maumivu ya viungo miezi mingi. Chuo kinachowapeleka wanafunzi zizini mikono mitupu hakiwafundishi ujasiri. Uliza nani analipa matibabu mwanafunzi akipigwa teke. Mimi nilipigwa, wiki ya 3, paja la kulia. Chuo kilikuwa na bima, na nilimshukuru aliyesoma fomu zote kabla yangu.

Waulize waliotoka

Chuo kitakupa wahitimu wawili wa kuongea nao. Ongea nao, ni watu wazuri, ndiyo maana walichaguliwa. Kisha watafute wengine watatu mwenyewe, hasa waliomaliza mwaka uliopita, na mmoja aliyeacha katikati. Usiwaulize kama chuo ni kizuri, kila mtu hutetea mahali alipotoka. Uliza wiki ya kwanza kazini walishindwa kufanya nini. Uliza waliajiriwa baada ya muda gani, na kama kazi ni hii au wanauza dawa dukani. Aliyeacha muulize aliacha kwa sababu gani, na mwache amalize kuongea.

Ukishapata vyuo viwili au vitatu vilivyopita yote hayo, ukaribu na nyumbani una haki ya kuamua. Hata ada ndogo. Usione haya kuchagua kilicho nafuu ikiwa mikono yako itashika vilevile.

Mimi mara ya pili nilikuwa na viwili. Kimoja kilikuwa na jengo jipya na maktaba yenye kiyoyozi. Kwenye kingine nilisimama nje ya zizi, nikamkuta kijana ameshika bomba la sindano, amekosa mshipa mara mbili, jasho linamtiririka. Mkufunzi hakumnyang'anya. Alimwambia amwachie mbuzi apumzike, akamletea mwingine, akamshika kidole gumba na kukisogeza chini kidogo, karibu upana wa vidole viwili, halafu akarudi nyuma akafunga mikono kifuani na kungoja. Walikaa hapo dakika kama 10, hakuna aliyetazama saa. Damu ilipoingia kwenye bomba kijana alicheka peke yake. Jumatatu iliyofuata nilikwenda kulipa.